Mbolea ya Mahindi Ikiishia Kwenye Glasi ya Maji

Ndugu maafisa ugani, wanafunzi na wakulima mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi. Leo nawapeleka Iowa, jimbo linaloongoza kwa mahindi nchini Marekani, tuone jinsi mbolea inavyofika kwenye maji ya kunywa.

Tuanzie pembezoni mwa shamba, mwezi Mei. Ukingoni mwa mtaro utaona mdomo wa bomba unamwaga maji. Ni maangavu, hayana harufu wala rangi. Bomba lenyewe limefukiwa chini ya mahindi, kiasi cha mita 1 kwenda chini, na yapo mengi ya namna hiyo shamba zima. Zamani sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa kinamasi. Walowezi wakalaza mabomba ya udongo wa kuchoma kuikausha, siku hizi yanalazwa ya plastiki yenye matundu. Bila hayo mahindi yangeoza mizizi. Lakini ndiyo hayo hayo yanayoifikisha nitrojeni, kirutubisho kikuu cha mbolea ya mahindi, mtoni upesi, bila kupita mahali ambapo majani yangeinasa njiani.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Udongo wa mfinyanzi una chaji hasi. Amonia, ambayo ni mbolea ya nitrojeni, ikiingia udongoni hugeuka amoniamu, yenye chaji chanya, kwa hiyo hunaswa. Udongo ukipata joto, bakteria huigeuza kuwa naitreti, nayo ina chaji hasi kama mfinyanzi wenyewe. Hakuna cha kuishika. Mvua ikishuka, inashuka nayo. Sasa wakulima wengi wa Iowa hupiga amonia mwezi Novemba, wakishavuna, kwa kuwa ndipo wanapopata nafasi. Mahindi hupandwa Aprili na Mei, na hayaanzi kula nitrojeni kwa nguvu mpaka Juni. Miezi yote hiyo shamba halina mzizi wa maana. Tena udongo wao mweusi, wenye mboji tele, hutoa naitreti yake wenyewe wakati huo huo. Ndiyo maana hata mkulima anayepima mbolea yake kwa uangalifu bado anapoteza.

Maji ya mashamba hayo yanakoteremkia kuna mji wa Des Moines, unaokunywa maji ya mito Raccoon na Des Moines. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa Marekani ni miligramu 10 za nitrojeni ya naitreti kwa lita, na kiliwekwa kwa ajili ya watoto wachanga. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly, wa Iowa hiyo hiyo, aliandika habari za vichanga walionyweshwa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya mashambani. Ngozi zao ziligeuka samawati, kwa sababu damu ilishindwa kubeba oksijeni. Mama akichemsha maji hayo hasaidiki: maji hupungua, naitreti hubaki.

Mapema miaka ya 1990 shirika la maji la mji likajenga mtambo wa kuondoa naitreti. Mwaka 2015 likazishtaki mamlaka zinazosimamia mifereji ya kutolea maji mashambani katika kaunti za Sac, Calhoun na Buena Vista. Kesi ikatupwa mwaka 2017. Sheria ya Maji Safi ya 1972 inavibana viwanda, lakini maji ya mvua yanayotoka mashambani imeyaacha nje. Mkakati wa jimbo wa 2013, uliolenga kupunguza nitrojeni kwa asilimia 45, kwa wakulima ni wa hiari. Juni 2025 naitreti ilipanda hadi wakazi wakakatazwa kumwagilia bustani zao, mitambo ipate kumudu. Nasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma. Anayekunywa ndiye anayelipia kusafisha, na aliyemwaga hadaiwi kitu.

Kinachopita Des Moines huteremka na mto Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Huko hulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, oksijeni huisha chini baharini. Mwaka 2017 eneo hilo lisilo na oksijeni lilifika kilomita za mraba 22,700 hivi, kubwa kuliko yote yaliyopimwa pale.

Sisi tuna hali nyingine. Azimio la Abuja la 2006, kuhusu mbolea barani Afrika, lilitaka kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na wakulima wetu wengi hawajafika huko. Sitawaambia mkawazuie kununua mbolea. Waambieni waiweke kwa awamu, nyingine wakuzie nayo mahindi yakiwa magotini, wala si kuimwaga yote siku ya kupanda. Kwenye skimu za umwagiliaji zenye mifereji ya kutolea maji, acheni ukanda wa nyasi kabla ya mto. Iowa sasa wapo wanaopitisha maji ya bomba kwenye shimo lililojaa vipande vya mbao: humo bakteria wanaokosa oksijeni huitumia naitreti kupumua, na nitrojeni hurudi hewani.

Kwenye meza ya nyuma kuna karatasi za kupimia naitreti. Kila anayetoka kwenye skimu achukue, apime kisima kilicho karibu zaidi na shamba, kabla ya kukuzia na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, aandike tarehe na kina cha kisima. Nikusanyieni majibu, tuyajadili tukikutana tena. Karibuni kwa maswali.