Jinsi ya Kuchagua na Kufunga Taa za Baiskeli Yenye Keria

Mtazamaji, jijini Dar es Salaam jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, saa ileile ambayo daladala, bodaboda na waendesha baiskeli wanaorudi makwao hugombania ukingo mmoja wa barabara. Leo tutachagua taa mbili, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, kisha tutazifunga kwenye baiskeli hii yenye keria.

Tuanzie dukani. Nguvu ya mwanga huandikwa kwa lumeni: kwenye barabara zenye taa, lumeni 100 hadi 200 za mbele zinatosha kukufanya uonekane, lakini anayepita njia ya giza, ambako lazima ayaone mashimo mapema, atafute 400 au zaidi. Angalia pia alama ya IPX4 kwenye boksi, maana yake taa hustahimili maji yanayoirukia kutoka pande zote. Dinamo ya kusuguana na tairi ni kifaa kizuri, ila ile ya kawaida huzima mara tu unaposimama kwenye makutano.

Sasa tufunge taa ya mbele. Usukani wa baiskeli za zamani mara nyingi ni mwembamba kuliko kibano cha taa za kisasa, kwa hiyo kata kipande cha tyubu kuukuu, kizungushe kwenye usukani, ndipo ukaze kibano juu yake. Tazama: hata nikiisukuma taa kwa kidole gumba, haizunguki. Baada ya hapo, simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani. Ikiwa taa iko mita 1 juu ya ardhi, kitovu cha mwanga kiwe kama sentimita 20 chini ya kimo hicho, ili mwanga ufike barabarani mita 25 mbele yako na usimchome machoni dereva anayekuja.

Taa ya nyuma ndiyo yenye kazi. Wengi huifunga kwenye nguzo ya kiti, na baiskeli ikiwa tupu hakuna ubaya, lakini ukipakia kreti la mikate au gunia la mkaa, taa yote inafichwa na mzigo, hata iwe kali namna gani. Kwa sababu hiyo tunaifunga kwenye ncha ya nyuma ya keria, chini ya mbao ya kubebea, kwa bolti na nati iliyokazwa kwa spana, kioo chake kikiwa wima na kutazama nyuma moja kwa moja. Usiku iwake bila kumetameta, kwani mwanga uliotulia humsaidia dereva kukadiria umbali. Mmeto uache kwa mchana.

Pakia mzigo, funga kamba, kisha rudi nyuma hatua 30 na uchuchumae hadi macho yawe usawa wa dereva wa gari dogo. Ukiona ncha ya gunia au kamba inayoning'inia inakata mwanga, ihamishe sasa hivi, kabla hujatoka.