Wiki Mbili za Kwanza Uraiani

Ndugu zangu, wenyeviti wa mitaa na ninyi mnaomsubiri mtu wenu atoke gerezani: leo siongelei kazi wala mtaji. Naongelea wiki mbili za kwanza uraiani, maana hapo ndipo tunawapoteza, wengine moja kwa moja.

Aliyekuwa akitumia heroini kabla ya kifungo, hizo ndizo siku zake za hatari. Mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kiasi kilekile. Akirudia kipimo cha zamani, pumzi zinapungua, midomo inabadilika rangi, anakoroma kwa namna ya ajabu, na nyumbani wanasema mwacheni apumzike. Huyo hajalala! Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali. Kabla hayajafika huko, mpelekeni kliniki ya methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini. Hapa Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili inatoa tangu 2011, za Mwananyamala na Temeke zikafuata.

Tiba ya kifua kikuu nayo ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Akitoka mwezi wa tatu bila barua ya uhamisho, ataacha, kwa kuwa kikohozi kimekwisha na anajiona mzima. Vimelea vilivyobaki vinakuwa sugu. Barua hiyo, na ya ARV (dawa za VVU) pia, iombwe mapema kwenye zahanati ya gereza. Tarehe ya kutoka huwapiga watu chenga: mwenye miezi 36 akiwa na nidhamu anapunguziwa theluthi, anatoka baada ya 24, na msamaha wa Rais wa 26 Aprili au 9 Desemba unaweza kumtoa mapema zaidi.

Laini ya simu? Ile ya zamani huenda imeshafungwa. Mpya inataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama za vidole, na vidole vilivyoshika jembe miaka mingi mara nyingi mashine inavikataa. Anawe mikono, aifute vizuri, amwombe wakala ajaribu kidole kingine. Msimsajilie kwa jina la shemeji. Siku laini ikileta kesi, atakayeitwa ni shemeji.

La mwisho ni dogo, watu hulicheka. Mtamkuta amesimama mbele ya mlango ambao haujafungwa, anasubiri. Kwa miaka yote hiyo mlango umekuwa ukifunguliwa na askari. Msimfungulie. Mchongeeni ufunguo wake siku ileile anapofika.