Kosa Namba 5 na Tabia ya Kumruhusu Kila Mtu

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa sababu programu ninazoletewa kukagua bado zina ugonjwa uleule. Huduma ya Windows inaendeshwa kwa akaunti ya SYSTEM, ile ya mfumo wenyewe. Inaunda myuteksi (kufuli linaloshikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja) yenye jina linaloanza na Global\, yaani linaloonekana kwa watumiaji wote wa mashine, ili ipokezane na programu ya keshia kuandika faili moja. Kwa mtengenezaji kila kitu kinakwenda, maana zote mbili anaziendesha kwa akaunti yake mwenyewe. Ikifika kwa keshia: kosa namba 5, hakuna ruhusa.

Basi mtu anakimbilia intaneti, ananakili mistari mitatu, orodha ya ruhusa za kufuli anaifanya NULL, yaani inakuwa haipo kabisa. Kosa limetoweka, anaenda zake nyumbani. Jamani! Orodha tupu haimruhusu yeyote. Orodha iliyo NULL inamruhusu kila mtu kila kitu, hata kuibadilisha orodha yenyewe.

Najua mtaniambia, "Mwalimu, ni kufuli tu, ndani hamna siri." Siri hamna, kweli. Lakini programu yoyote kwenye mashine ile inaweza kulishika isiliachie, huduma yako ikabaki inasubiri na wateja wamepanga foleni mpaka nje.

Mwingine ananiambia, "Niliruhusu kidogo, kosa 5 likabaki palepale." Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo wengi wanapokata tamaa na kufungulia wote. CreateMutex, amri ya kuunda kufuli, ikikuta lipo tayari, inaomba ruhusa zote kwa mkupuo. Wewe umempa keshia SYNCHRONIZE peke yake, yaani ruhusa ya kulisubiri kufuli, programu yake inadai vyote, itakataliwa tu. Upande wa keshia tumia OpenMutex, amri ya kufungua kufuli lililokwisha kuundwa, omba SYNCHRONIZE, yaani 0x00100000, basi. Kwa ruhusa hiyo atasubiri, atalishika, na ReleaseMutex italiachia bila kudai zaidi. Orodha iacheni, punguzeni ombi. Na hiyo SYNCHRONIZE wapeni watu wa kundi la makeshia, si kila anayeingia kwenye mashine, kwa sababu anayeweza kusubiri anaweza pia kung'ang'ania.

Muda umekwisha, niharakishe. CreateMutex ikiwapa namba 183, jina limeshachukuliwa na mwingine na ruhusa mlizopanga zimepuuzwa. Msiendelee kama vile kufuli ni lenu. Wa Linux, mnaounda semafori (kufuli la upande wenu) kwa sem_open: mkiomba 0666, yaani wote wasome na kuandika, chini ya umask 022 (kichujio kinachopunguza ruhusa) inatoka 0644, wengine wanabaki na kusoma tu, na semafori inataka kusoma na kuandika. Msikimbilie umask 0. Undeni kikundi, ombeni 0660, yaani mwenye nayo na kikundi tu, umask iwe 007.