Jina Chini ya Ubao: Ziara katika Maisha ya Skeitibodi

Mabibi na mabwana,

Katika michezo mingi mtu huitwa mchezaji wa kulipwa akishinda au akisajiliwa. Katika skeitibodi, mchezo wa kuteleza na kuruka juu ya ubao wenye magurudumu, cheo hicho huja siku kampuni inapotoa ubao wenye jina lake, na mara nyingi habari hufichwa hadi wenzake wamshtukize kwa kumkabidhi ubao huo hadharani. Hoja yangu ni kwamba jina hilo hutafutwa ziarani, timu inaposafiri pamoja, zaidi kuliko mashindanoni.

Katika miaka ya 1980 timu ya Bones Brigade, iliyoongozwa na Stacy Peralta na yenye vijana kama Tony Hawk na Steve Caballero, ilizunguka ikifanya maonyesho na kutoa kanda za video. Maonyesho yangalipo, lakini kazi kubwa ya ziara siku hizi ni kurekodi. Timu hujipakia katika basi dogo pamoja na mpiga video, ambaye kwa maoni yangu anastahili sifa sawa na wachezaji, ikaenda kutafuta ngazi, kingo na viwanja ambavyo wasanifu wake hawakuwahi kufikiria magurudumu; uwanja ulio mbele ya jumba la makumbusho la MACBA, Barcelona, ni mfano maarufu.

Kabla ya mtu kuruka, sakafu hufagiliwa, kwa kuwa kokoto moja hutosha kukwamisha gurudumu na kumwangusha mtu kifudifudi. Nyufa huzibwa, na kingo za zege hupakwa nta ili ubao uteleze. Kisha mchezaji hurudia mtindo mmoja, yaani mbinu moja ya kuruka au kuteleza na ubao, hadi ufaulu, au hadi mlinzi awafukuze, na jasho lote hilo huzaa sekunde chache za video. Mtindo uliokwisha kufanywa na mwingine mahali hapohapo hupungua thamani, kwa hiyo kukumbuka nani alifanya nini, na wapi, ni sehemu ya ujuzi.

Fedha hutoka kwa wadhamini wa mbao, viatu na magurudumu, na kwa desturi mwenye jina hupata mgawo kwa kila ubao wake unaouzwa.

Mchezo ulipoingia Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu akiwa na umri wa miaka 13. Tangu hapo kumekuwa na msafara wa pili, wa makocha na alama za kufuzu, na wapo wanaohofia kwamba utaumeza ule wa kwanza, wa ziara na video. Sioni hivyo: Yuto Horigome, aliyeshinda dhahabu Tokyo na tena Paris mwaka 2024, bado hurekodi video mitaani.