Laini "Inatumika" Maana Yake Nini?

Vijana wangu, toeni simu. Bonyezeni *43# mpige. Sasa simu ya pili inaweza kuingia huku mnaongea na ya kwanza. Haya, andikeni *67*, namba ya uliyekaa naye jirani, malizia na #, mpige. Umeiambia laini: nikiwa naongea, wapelekee huyu.

Swali: unaongea nami, mama yako anapiga. Simu yake inakwenda wapi?

Naona ukumbi umegawanyika. Kwa viwango vya GSM, yaani kanuni za mtandao wa simu za mkononi, unasikia mlio wa ti-ti sikioni, jirani hapati kitu. Machoni mwa swichi, mtambo wa kampuni unaounganisha simu, laini hiyo bado ina nafasi, kwa hiyo haijawa "inatumika". Lakini ukimkata mama kwa kitufe chekundu, anaangukia kwa jirani! Na jirani wala hana habari.

Hakuna huduma mbovu hapo, si ile ya kusubirisha simu ya pili wala ile ya kuelekeza simu kwa mwingine. Walioziandika walifanya kazi yao sawasawa. Ni hilo neno "inatumika" tu, kila mmoja analisoma kivyake.

Sasa zidisheni. Huduma 20 zina jozi 190; ukizichukua tatu tatu, mafungu 1,140. Huwezi kuyajaribu yote kwa vidole. Mwaka 1998 Pamela Zave na Michael Jackson (si yule mwimbaji, acheni kucheka) walichapisha mpango walioufanyia kazi AT&T, kampuni ya simu ya Marekani: kila huduma ni kisanduku, simu inapita kisanduku hadi kisanduku, na mfuatano wao unaamuliwa mapema. Naupenda kwa sababu ugomvi wa huduma unaishia mezani kwa wahandisi, haumfikii mteja.

Upo ugomvi ambao mfuatano hauutibu, lakini. Baba amefunga laini ya mwanawe isipige nje ya nchi. Mtoto anampigia binamu yake wa Mwanza, kumbe binamu ameelekeza simu zake Muscat. Namba iliyopigwa ni ya hapa hapa, kizuizi kinaipisha. Kipande cha kwenda Muscat kwa kawaida analipa binamu. Je, baba alikuwa anaogopa gharama, au hataki mtoto aongee na watu wa huko? Kama ni gharama, mambo yako sawa. Kama ni watu, tumemwangusha. Swichi haiwezi kulijua hilo, na jaribio lenu la kukagua huduma hizi halitalijua msipomuuliza baba kabla ya kuliandika.

Maswali baada ya chai. Ila kwanza pigeni ##002#, msije mkasahau. Mama wa mtu ataangukia kwa jirani usiku wa leo.