Karatasi Moja ya Tuba: Mazungumzo Kuhusu Maktaba za Okestra

BARAKA: Karibuni wasikilizaji. Leo tumo Philadelphia, Marekani, kwenye Mkusanyo wa Fleisher, hazina ya nota za okestra zinazoazimishwa. Dada Rehema, mkusanyo huo unatofautianaje na kabati lolote lililojaa vitabu vya muziki?

REHEMA: Tofauti yake, kaka Baraka, ni kwamba pale haitunzwi nota ya kondakta, yaani mwongozaji wa okestra, peke yake, bali pia karatasi za kila mpigaji. Edwin Fleisher, mwenye kiwanda cha nyuzi za kufumia, alianzisha klabu ya vijana ya mazoezi ya okestra mwaka 1909, na kwa kuwa vijana wengi hawawezi kuchungulia kitabu kimoja, ilimbidi anunue seti nzima nzima. Mwaka 1929 alizikabidhi kwa maktaba ya umma ya mji huo, Free Library of Philadelphia. Leo zimezidi seti 20,000, na okestra za nchi nyingi huziazima.

BARAKA: Seti moja ina nakala ngapi hasa?

REHEMA: Tuchukue simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, ya mtunzi Dvořák iitwayo Kutoka Ulimwengu Mpya. Kwenye katalogi utakuta tarakimu 2.2.2.2 – 4.2.3.1, maana yake ala za kupuliza: filimbi, obo, klarineti na basuni mbilimbili, kisha honi nne, tarumbeta mbili, tromboni tatu na tuba moja, ile ala kubwa ya sauti nzito. Ala za nyuzi huhesabiwa kwa stendi za kuwekea karatasi, kwa sababu wapigaji wawili husoma karatasi moja: okestra yenye fidla za kwanza 16, za pili 14, viola 12, selo 10 na besi 8 ina watu 60 wa nyuzi, lakini inahitaji nakala 30. Mkutubi huzihesabu zinapotoka na huzihesabu tena zinaporudi. Ninayemhurumia ni yule wa tuba. Katika simfoni hiyo yeye hupiga kwenye sehemu ya pili tu, tena noti chache, kwa hiyo karatasi yake ni nyepesi mno, na ikisahaulika kwenye mkoba wa mtu hakuna anayeshtuka mpaka siku ya mazoezi.

BARAKA: Hilo wanakwaya wetu wanalijua. Mmoja akiondoka na karatasi ya sol-fa ya besi, Jumapili besi wote hubanana kwenye nakala moja.

REHEMA: Na kwaya angalau itaimba kwa kukumbuka! Ugumu mwingine uko kwenye majina. Simfoni hiyohiyo, ambayo leo tunaiita ya 9, ilichapishwa kama ya 5, kwa sababu simfoni nne za kwanza za Dvořák hazikuchapishwa akiwa hai. Mtu akiandika kwenye kadi “Dvořák, Simfoni ya 5” kwa kunakili jalada kuukuu, kondakta anayetaka ile ya F meja, ambayo ndiyo ya 5 kwa hesabu ya sasa, ataletewa kazi nyingine kabisa. Ndiyo maana mworodheshaji makini huandika ufunguo na opasi, yaani namba ya kazi ya mtunzi, hapa E maina, opasi 95, kisha huiweka namba ya zamani kama kielekezi. Huandika pia mchapishaji, maana matoleo mawili yakichanganywa na herufi za mazoezi, zile zinazoonyesha mahali pa kuanzia, zisipolingana, kondakta akisema “tuanzie C”, nusu ya okestra itaanzia kwingine.

BARAKA: Na kazi ambazo hazikuwahi kuchapishwa?

REHEMA: Hapo ndipo mkusanyo huu unaponivutia zaidi. Kati ya 1934 na 1943, kwa mpango ulioanza wakati wa mdororo wa uchumi, serikali ya Marekani iliwalipa wanakili waliokosa ajira waandike kwa mkono nota na sehemu, yaani karatasi za kila mpigaji, za kazi za watunzi waliokuwa hai, ambao wengi wao hawakuwa na uwezo wa kugharimia unakili. Kisha mwaka 1941 Fleisher alimtuma kondakta Nicolas Slonimsky kuzunguka Amerika ya Kusini na ya Kati akikusanya nota, nazo zikanakiliwa vivyo hivyo. Simfoni iliyobaki ndani ya daftari la mtunzi haiwezi kupigwa, hata kama kila mtu anaisifu. Inapigika pale mtu fulani alipokaa mezani akaandika sehemu ya viola ya pili.

BARAKA: Lakini karatasi za zamani hizo zinaazimwa, zinakunjwa, zinaandikwa. Zitadumu vipi?

REHEMA: Karatasi ya massa ya mti ina asidi, hugeuka rangi ya chai na kukatika pembeni, hasa kwenye kona ya kufungulia ukurasa. Huwekwa kwenye maboksi yasiyo na asidi, penye ubaridi na unyevu usiobadilikabadilika. Adui mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni selotepu: anayeibandika anadhani anatibu, kumbe gundi yake inaacha doa lisilotoka.

BARAKA: Alama za penseli je, zifutwe?

REHEMA: Kwenye seti ya kuazimisha, ndiyo, zifutwe kwa kifutio laini kabla haijatoka tena. Kwenye seti ya kihistoria, mimi sikubali. Okestra ya New York Philharmonic imeweka mtandaoni nota za Leonard Bernstein, aliyekuwa kondakta wake, pamoja na alama zake, na humo unaona alipopunguza sauti na alipobadili mwendo. Seti kama hiyo huondolewa kwenye mzunguko, alama zake hutajwa kwenye katalogi, na wapigaji hupewa nakala mpya za kuchorachora.