Risasi Sita au Tano? Bastola ya Dirty Harry na Mkono Unaoijaza

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja. Nimeombwa nizungumzie silaha katika filamu za polisi. Mada ni pana mno, kwa hiyo nitashika filamu moja na bastola moja: Dirty Harry ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Don Siegel, na ile bastola ndefu aliyoibeba Clint Eastwood akiwa Inspekta Harry Callahan wa San Francisco. Naona vichwa vinatikisika. Wengine mliiona kwenye kibanda cha video, kanda imechakaa, na bado bastola mnaikumbuka kuliko hadithi yenyewe.

Nianze kwa kusema kwamba bastola ile haikuwa bastola ya polisi. Askari wengi wa Marekani wakati huo walitembea na rivolva (bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka) za .38, nyepesi, za kufichika chini ya koti. Ya Callahan ni Smith & Wesson Model 29, mtutu wake inchi 6.5, uzito wake zaidi kidogo ya kilo moja na robo kabla hujatia risasi. Inafyatua risasi ya .44 Magnum, iliyoingia sokoni mwaka 1956 baada ya wawindaji, hasa mwandishi mmoja wa masuala ya silaha wa jimbo la Idaho aitwaye Elmer Keith, kupiga kelele miaka mingi wakitaka bastola yenye nguvu ya kuangusha mnyama mkubwa. Mfukuza vibaka mjini haihitaji. Aliihitaji mwandishi wa hadithi.

Inasemekana ilipotafutwa kwa ajili ya filamu ilikuwa adimu madukani, na kiwanda kikasaidia kuipata. Baada ya filamu kutoka ikawa adimu kwa sababu nyingine: kila mtu anaitaka. Callahan anasema ndiyo bastola yenye nguvu kuliko zote duniani, na watu walikwenda dukani na sentensi hiyo mdomoni. (Kicheko ukumbini.) Frank Sinatra ndiye aliyekuwa ameandaliwa kuwa stelingi, akajitoa, na sababu iliyotajwa ni mkono wake uliokuwa umeumia zamani. Mimi siwezi kumwona Sinatra na chuma kile, lakini hilo ni jicho langu.

Tazameni pia adui anabeba nini. Scorpio, yule muuaji, ana bunduki ndogo ya rashasha MP40 na bastola Walther P38, zote za Wajerumani wa Vita Kuu ya Pili. Stelingi ana chuma cha Springfield, Massachusetts. Adui ana mabaki ya jeshi lililoshindwa, na kiunoni mkanda wenye alama ya amani. Kabla hajafungua mdomo umeshaambiwa umchukie. Hiyo ni kazi ya mtu wa vifaa, na jina lake hupita mwishoni mwa filamu wakati watu wanatafuta viatu vyao.

Sasa twende kwenye tukio la benki. Callahan anakula soseji ndani ya mkate. Kengele inalia, anatoka bado anatafuna, risasi zinarindima, gari linapinduka, bomba la maji la zimamoto linapasuka. Jambazi mmoja yuko chini mlangoni mwa benki, amejeruhiwa, shotigani iko karibu na mkono wake. Callahan anamsogelea, anamwelekezea bastola, na kumwambia kwamba katika vurugu ile hata yeye mwenyewe amepoteza hesabu: amepiga sita, au tano tu? Jambazi anapima, anauondoa mkono. Callahan anaiokota shotigani na kugeuka aondoke. Jambazi anamwita, anataka kujua. Callahan anarudi, anamwelekezea, anavuta triga. Kah! Tupu.

Tukio hili lisingewezekana kwa bastola ya magazini, ile ambayo risasi zake hupangwa ndani ya mpini. Fikirini namna inavyofanya kazi. Bastola nyingi za magazini, risasi ya mwisho ikishatoka, sehemu ya juu hurudi nyuma na kubaki hapo hapo, wazi, kama mdomo wa mtu aliyeshangaa. Jambazi angeiona, angechukua shotigani yake, na filamu ingeishia hapo. Rivolva haisemi kitu. Ukivuta triga silinda inazunguka, tundu linalofuata linakaa mbele ya nyundo, liwe na risasi au liwe na ganda tupu. Kwa nje umbo ni lile lile. Mazungumzo yote ya Callahan yamesimama juu ya ukimya huo wa chuma.

Lakini rivolva ina siri moja mbaya, na hapa naomba tukae kidogo. Ukiitazama kwa mbele, kwa karibu, matundu ya pembeni mwa mtutu yanaonekana. Lenye risasi lina kichwa cha risasi kinachong'aa. Lililokwisha kufyatuliwa ni shimo jeusi. Jambazi yule, kama angekuwa na macho makali na moyo uliotulia, angepata dondoo. Yeye alikuwa anavuja damu, tumsamehe. Kamera je? Kamera imewekwa mahali pale pale mbele ya mtutu, imetulia, na ina macho makali kuliko ya mtu yeyote.

Ndiyo maana penye rivolva panakuwa na risasi za aina tatu, na mnaotaka kufanya kazi hii mzijue kama mnavyojua rangi za taa za barabarani. Kuna risasi za moto, ambazo hazitakiwi kabisa kufika eneo la kurekodia. Kuna risasi baridi: ganda, kiwashio (kile kidude cha nyuma kinachopigwa na nyundo), baruti, lakini haina kichwa, hutoa mwanga, moshi na mlio. Na kuna risasi za sura tu: zina ganda na kichwa, hazina baruti, kazi yake ni kuonekana kwenye silinda picha ikipigwa karibu. Hizi za tatu zinaonekana hazina madhara, na hizo ndizo ninazoziogopa zaidi.

Mwaka 1993, mjini Wilmington, North Carolina, walikuwa wanarekodi filamu ya The Crow. Kwa ajili ya picha ya karibu walihitaji risasi za sura, wakazitengeneza wenyewe: wakachukua risasi za moto, wakatoa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa. Viwashio wakaviacha. Kiwashio peke yake kina nguvu ndogo, lakini nyundo ilipokipiga nguvu hiyo ilitosha kusukuma kichwa kutoka kwenye ganda hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo. Hakuna aliyechungulia mtutu. Baadaye bastola ile ile ikajazwa risasi baridi kwa tukio lingine. Risasi baridi ina baruti ya kutosha, na mbele yake sasa kuna kichwa cha risasi. Ukivijumlisha, una risasi ya moto kamili. Brandon Lee, stelingi wa filamu hiyo na mtoto wa Bruce Lee, alipigwa nayo, akafa tarehe 31 Machi akiwa na miaka 28. Bastola yenyewe ilikuwa Smith & Wesson Model 629, ambayo ni Model 29 iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Ya Callahan, kasoro rangi.

Na msidhani risasi baridi peke yake ni salama. Oktoba 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum, wa tamthilia ya televisheni Cover Up, akiwa amechoka kusubiri zamu yake, alifanya mzaha kwa kujiwekea bastola ya .44 Magnum kwenye panja, pembeni mwa kichwa, na kuvuta triga. Ilikuwa risasi baridi. Mgandamizo wa gesi ulivunja fuvu na akafariki siku chache baadaye. Alikuwa na miaka 26.

Kwa hiyo lile swali la Callahan, sita au tano, ndilo swali la kazi ya msimamizi wa silaha, ila kwake halina utani. Kila dakika lazima ajue kuna nini katika kila tundu. Oktoba 2021 huko New Mexico, wakirekodi filamu ya Rust, risasi ya moto ilikuwa imechanganyika na za sura ndani ya rivolva, na mpiga picha Halyna Hutchins akauawa. Risasi ya sura iliyotengenezwa vizuri mara nyingi ina kigololi kidogo ndani: unaishika kwa vidole viwili, unaitikisa karibu na sikio, unasikia kacha, kacha. Nyingine zimetobolewa ubavuni. Kukagua moja ni kazi ya sekunde mbili. Mwaka 2024 mahakama ilimtia hatiani msimamizi wa silaha wa filamu hiyo kwa kuua bila kukusudia, miezi kumi na minane jela.

Mama hapa mbele anauliza: kwa nini tusitumie bastola za mpira, mwanga ukaongezwa na kompyuta? Mama, wengi sasa wanafanya hivyo, na kwa bajeti zetu mimi ningeanzia hapo. Tatizo linalobaki ni mwili wa mwigizaji. Andrew Robinson, aliyeigiza Scorpio, alichukia bunduki kwelikweli. Kila akifyatua alikuwa anashtuka, mpaka ikabidi Siegel ampeleke akafundishwe, na bado ukitazama vizuri unamwona anapepesa macho. Mshtuko ule huwezi kumwambia mtu auigize na mpira mkononi. Basi gawanyeni picha. Ya silinda kwa karibu, tumieni bastola iliyozibwa mtutu na kuondolewa nyundo, isiyoweza kufyatua chochote. Ya kufyatua, pigeni kwa upande, pasipo mtu mbele ya mtutu, silinda isionekane. Mhariri ataziunganisha na hakuna atakayejua.

Na yule kijana anauliza kama kweli mtu anaweza kulenga vizuri na .44 Magnum. Inarusha mkono sana. Lakini katika filamu ya pili, Magnum Force ya mwaka 1973, askari vijana wanamuuliza Callahan swali linalokaribia hilo wakiwa kwenye uwanja wa shabaha, naye anajibu kwamba huwa anaijaza risasi nyepesi, zenye nguvu ndogo.